Barua ya wazi kwa serikali za nchi zenye kampuni mama: waliodhulumiwa waitwe mezani

Kwa:
Waheshimiwa Mawaziri wa Sheria, Biashara na Mambo ya Nje wa nchi ambako kampuni kubwa za kimataifa zimesajiliwa;
Waheshimiwa wajumbe wa nchi hizo katika Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa, Geneva, kinachoandaa mkataba kuhusu biashara na haki za binadamu.

YAH: HAKI REJESHI KWA WATU WALIODHULUMIWA NA KAMPUNI ZENU UGENINI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi yangu ni kukaa na watu walioumizwa na shughuli za kampuni za nje, waliopigwa na walinzi wa migodi, waliochafuliwa maji, waliofiwa viwandani, na kuwasaidia kuyaweka maelezo yao kwenye maandishi yanayoweza kusomwa katika ofisi zenu. Barua hii si ya kwanza. Zilizotangulia zilipita njia mliyoielekeza wenyewe: ofisi ya mahusiano ya jamii ya kampuni tanzu, yaani ile inayomilikiwa na kampuni mama na kufanya kazi ugenini, kisha makao makuu ya kampuni mama, kisha ubalozi, na mwisho ofisi ya serikali inayopokea malalamiko dhidi ya kampuni. Jibu la mwisho lilikuwa la adabu. Lilisema ofisi ilikuwa tayari kusuluhisha, ila kampuni haikuridhia kushiriki, na kwa kuwa kushiriki ni hiari, jalada limefungwa. Ndiyo maana leo ninaandika hadharani.

Tunachodai ni hiki: mtu aliyeumizwa na kampuni yenu akae meza moja na kampuni mama tangu mwanzo, wakati inapoamuliwa nini kilitokea, nani anawajibika, na nini kirudishwe. Hiyo ndiyo haki rejeshi tunayoizungumzia. Haichukui nafasi ya mahakama, wala haimwondolei mkosaji adhabu yake. Inamtaka mkosaji aje mwenyewe, amsikilize mtu aliyeumizwa naye, aseme ukweli wote, arekebishe kinachorekebishika na ajifunge asirudie.

Hatukulibuni jambo hili. Tarehe 16 Desemba 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni kuhusu haki ya waathirika kupata nafuu, zikataja mambo matano: kumrudishia aliyeumia alichokuwa nacho pale inapowezekana, fidia, matibabu na huduma za kumwinua, kumridhisha kwa ukweli na kwa kumwomba radhi, na uhakika kwamba jambo halitarudiwa. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu likapitisha kwa kauli moja Kanuni Elekezi kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, nazo zikataja radhi, urejeshaji na uhakika wa kutorudia sambamba na fedha. Kati ya hayo matano, watu ninaokaa nao huwa wameonjeshwa moja tu, fidia, tena nusunusu.

Naomba niyataje yanayotukera, moja baada ya jingine.

1. Mahakama inafunguka wakati mdai ameshakufa

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilivuja kutoka kiwanda cha viuadudu cha Union Carbide mjini Bhopal, India. Maelfu walikufa, na zaidi ya watu nusu milioni walitambuliwa baadaye kuwa waathirika. Kampuni mama ilikuwa Marekani, kwa hiyo kesi zikafunguliwa Marekani. Mwaka 1986 jaji wa New York akasema mahali pake ni India. Huko India, sheria ya 1985 ilikuwa imeshaipa serikali peke yake mamlaka ya kusimama kwa niaba ya waathirika, na serikali hiyo, iliyokuwa imedai zaidi ya dola bilioni 3, ikakubali dola milioni 470 mwaka 1989. Mama aliyezika watoto wake hakuulizwa kama anaridhia. Warren Anderson, aliyekuwa mkuu wa kampuni mama, alikamatwa siku chache baada ya mkasa, akapewa dhamana, akaondoka nchini, na hakurudi kujibu mashtaka hadi alipofariki mwaka 2014. Waliotiwa hatiani Juni 2010 walikuwa Wahindi waliofanya kazi katika kampuni tanzu, kwa kifungo cha miaka miwili. Taka za sumu, takriban tani 337, zilibaki kwenye eneo la kiwanda mpaka zilipoondolewa Januari 2025. Waliozaliwa baada ya mkasa wameshapata watoto wao, na muda wote huo taka zile zilikuwa palepale, jirani na nyumba zao.

Mtaniambia Bhopal ni ya zamani. Basi tuje karibu. Wakulima wa Niger Delta nchini Nigeria walifungua kesi The Hague mwaka 2008 kuhusu mafuta yaliyovuja kwenye mashamba na mabwawa yao ya samaki. Hukumu ya rufaa ikatoka tarehe 29 Januari 2021, kampuni tanzu ya Shell ikaonekana ina dhima, na baadhi ya waliofungua kesi walikuwa wameshakufa. Watoto wao ndio waliosimama badala yao. Wagonjwa wa vumbi la asbesto wa Afrika Kusini walilazimika kufika hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, mwaka 2000, kuruhusiwa tu kuishtaki kampuni ya Cape jijini London. Huo ni ugonjwa wa mapafu. Hausubiri mawakili wamalize kubishana, na wengi wa wadai wale hawakuuona mwisho wa kesi. Familia za waliofia kwenye moto wa kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, Karachi, Septemba 2012, ambamo watu zaidi ya 250 waliungua au kukosa hewa, zilifika hadi mahakama ya Dortmund, Ujerumani, kumdai mnunuzi mkubwa wa nguo zile. Januari 2019 zikaambiwa muda wa kudai umekwisha.

Miaka yote hiyo hubishaniwa ni mahakama ipi, ni sheria ya nchi gani, ni kampuni ipi katika ukoo mzima wa kampuni. Kilichompata mtu kinakuwa bado hakijaguswa.

2. Faini inaingia hazina, waliofiwa wanabaki mikono mitupu

Mwaka 2007 kampuni ya ndizi ya Chiquita ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba iliwalipa AUC, kundi la wanamgambo wa Kolombia ambalo Marekani yenyewe ilikuwa imeliweka kwenye orodha ya magaidi. Malipo yale yalifika dola milioni 1.7. Faini ilikuwa dola milioni 25, na ilikwenda kwa serikali ya Marekani. Familia za vibarua na wanavijiji waliouawa na kundi lile hazikuona hata senti ya faini hiyo. Zilibidi zifungue kesi zao zenyewe, na hadi Juni 2024 ndipo baraza la mahakama huko Florida lilipoamua kwamba kampuni inawajibika, likaamuru dola milioni 38.3 kwa familia za wanaume wanane. Kati ya siku kampuni ilipokiri na siku familia zilipopewa haki, mtoto aliyezaliwa anakuwa amemaliza shule.

Waheshimiwa, hapo aliyefaidika na damu ya Wakolombia ni hazina ya nchi iliyotoza faini. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi kwa sauti.

Serikali za nchi zilizoumizwa nazo hazitoki bila lawama, na nisingependa ionekane nazifichia. Agosti 2006, taka kutoka meli ya Probo Koala iliyokodiwa na kampuni ya Trafigura zilimwagwa sehemu mbalimbali za jiji la Abidjan, Côte d'Ivoire. Zaidi ya watu 100,000 walikimbilia matibabu. Mwaka uliofuata kampuni na serikali wakapatana: faranga za CFA bilioni 95 zilipwe, na serikali iachane na mashtaka. Mwaka 2009, jijini London, wadai wapatao 30,000 wakaahidiwa pauni milioni 30, kampuni ikiwa haijakiri kosa. Fedha zilipofika Abidjan, sehemu yake ikaangukia mikononi mwa watu waliojiita wawakilishi wa waathirika, na maelfu hawakupata kitu. Ilibidi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iamue tarehe 5 Septemba 2023 kwamba nchi ile ilivunja haki za watu wake na iunde mfuko wa fidia kwa kushauriana na waathirika. Kushauriana na waathirika: hilo ndilo lililorukwa mwaka 2007, likarukwa tena 2009, na kila aliyelipwa kwa niaba yao alilipwa kwa sababu wenyewe hawakuwapo mezani.

3. Kesi ya nyani, hakimu ngedere

Siku hizi kila kampuni kubwa ina utaratibu wake wa malalamiko. Imeuandika yenyewe, inauendesha yenyewe, na inaamua yenyewe kama imekosa.

Wanawake waliobakwa na walinzi wa mgodi wa dhahabu wa Porgera, Papua New Guinea, waliletewa mpango wa namna hiyo mwaka 2012 na kampuni ya Barrick. Mwanamke aliyekubali kifurushi cha msaada alitakiwa kusaini kwamba hataishtaki kampuni mahakamani. Zaidi ya wanawake 100 walisaini. Kumi na mmoja walikataa masharti hayo, wakatafuta mawakili, na mwaka 2015 wakafikia makubaliano yao wenyewe na kampuni. Jiulizeni hali ya yule aliyesaini. Hana wakili, hana kipato, mlinzi aliyembaka bado anakatiza njiani, na mbele yake kuna karatasi inayosema chukua hiki na unyamaze. Kuita hiyo ridhaa ni kumwonea mara ya pili.

Kuna fomu ya kampuni moja ambayo nimeijaza pamoja na watu wengi. Ina nafasi ya jina, ya tarehe ya tukio, ya aina ya mali iliyoharibika, na ya kiasi kinachodaiwa. Mjane mmoja aliniuliza niandike wapi kwamba anataka kumwona mlinzi aliyefyatua risasi, na kumjua aliyempa amri. Nafasi hiyo haikuwepo. Tuliandika kwa mkono pembeni, chini ya mahali pa muhuri, naye akaweka dole gumba juu ya maneno hayo ili yasifutwe. Nakala tuliyorudishiwa ilikuwa imechapwa upya. Kiasi kilikuwepo. Maneno ya pembeni hayakuwepo.

Nimekutana na watu wengi wa aina yake. Ukiwapa muda wa kusema, fedha huja mwishoni. Kwanza wanataka kujua. Nani aliamua bomba lisibadilishwe? Nani aliona nyufa akanyamaza? Mwili uko wapi? Baada ya hapo wanataka maji yanywike, mto upitike, mtoto mwenye mapafu mabovu apate daktari maisha yake yote na si kwa miezi sita. Wanataka pia asiwepo mwingine wa kuyapata yaliyowapata. Hakuna wakili wa bima anayeweza kujibu maswali hayo, na ndiye anayetumwa kila mara.

4. Wanalipa, ila hawakiri

Karibu kila makubaliano tunayosoma yana sentensi ileile: malipo haya yanafanyika bila kukiri dhima. Hata wakulima wa Niger Delta, ambao mahakama ilishasema walidhulumiwa, walipolipwa euro milioni 15 mwishoni mwa 2022, sentensi hiyo ilikuwemo.

Naelewa mawakili wanahofia nini. Wanaogopa radhi ya leo isomwe kesho mahakamani kama ushahidi. Lakini hofu hiyo ina dawa, na dawa iko mikononi mwa bunge. Jimbo la British Columbia nchini Canada lilipitisha sheria mwaka 2006 inayozuia radhi isitumike kama uthibitisho wa kosa. Sheria ya namna hiyo inamwondolea mkurugenzi kisingizio. Maoni yangu ni kwamba haitoshi peke yake, kwa sababu radhi isiyotaja kilichofanyika ni maneno ya kufariji tu, na zile kanuni za 2005 zinataka radhi ya hadharani inayotaja ukweli na kubeba wajibu. Anayeomba radhi awe na cheo cha kuweza kubadilisha mambo. Aje mwenyewe mahali palipoumizwa, na aseme kwa lugha wanayoielewa waliopo.

5. Mwekezaji ana baraza, mwanakijiji hana

Hili ni fupi. Tangu 1966 kampuni inayoona imeonewa na serikali ya ugenini inaweza kuipeleka moja kwa moja kwenye kituo cha usuluhishi wa uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, na uamuzi wake ukatambuliwa katika nchi wanachama. Mtu aliyeumizwa na kampuni hiyohiyo hana baraza kama hilo popote duniani. Kikundi Kazi chenu kiliundwa kwa azimio la tarehe 26 Juni 2014 ili kuziba pengo hilo. Nchi 20 ziliunga mkono, 14 zikapinga, 13 zikakaa kando. Miongoni mwa zilizopinga ni Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Japani, yaani nyumbani kwa sehemu kubwa ya kampuni tunazozizungumzia. Mkataba haujapatikana.

Najua mtakayojibu, kwa hiyo niyajibu mapema.

Mtasema kampuni tanzu ni mtu mwingine kisheria. Wanavijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, waliambiwa hivyo kuhusu maji yaliyochafuliwa na mgodi wa shaba wa Nchanga. Tarehe 10 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu kesi yao dhidi ya kampuni mama, Vedanta, iendelee London, na kimojawapo ilichokitazama ni machapisho ya kampuni mama yenyewe, ambamo ilijinadi kwamba inasimamia viwango vya mazingira katika kundi zima. Kama kampuni mama inajisifia usimamizi huo mbele ya wenye hisa, iubebe pia mbele ya wanaokunywa maji yale.

Mtasema waende mahakama za kwao. Watu wa Amazoni ya Ekwado walifungua kesi New York mwaka 1993 dhidi ya Texaco kwa taka za mafuta zilizoachwa kwenye mashimo. Kampuni ikasisitiza kwamba mahakama za Ekwado zinafaa, na mwaka 2002 kesi ikaondolewa Marekani. Mahakama ya Lago Agrio, hukohuko Ekwado, ilipotoa hukumu mwaka 2011 dhidi ya Chevron, iliyokuwa imeshainunua Texaco, kampuni ikasema mahakama hizo zimeoza, na mwaka 2014 jaji wa New York akaamua kwamba hukumu ile ilipatikana kwa udanganyifu. Sitaki kubishana hapa na uamuzi huo. Nauliza jambo moja: mtu mwenye shimo la mafuta nyuma ya nyumba yake, ambaye hakumdanganya yeyote, sasa aende wapi?

Mtasema wawekezaji watakimbia. Ufaransa ina sheria ya wajibu wa uangalizi, yaani inayozitaka kampuni kubwa zizuie madhara ya shughuli zao hata ugenini, tangu Machi 2017, Ujerumani ina yake inayotumika tangu Januari 2023, na kampuni zao kubwa hazijahama. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha agizo lake mwaka 2024. Februari 2025, kabla halijaanza kutumika, Tume ya Ulaya ikapendekeza kuondoa kipengele cha pamoja kwa nchi zote wanachama cha kuwawezesha waathirika kudai fidia mahakamani. Wajibu ubaki kwenye karatasi, anayeumia asiwe na pa kuushikia. Sisi tunaosubiri huku tuliisoma habari hiyo kwa uchungu mkubwa.

Mtasema kampuni imejenga shule na zahanati. Tunashukuru kwa shule. Shule ni hisani, na mwenye kuitoa huchagua aitoe wapi na lini. Deni halilipwi kwa hisani, hasa pale waliofiwa wako kijiji kimoja na shule imejengwa kingine.

Na wapo watakaosema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Maneno hayo ni mazuri yakitoka kinywani mwa aliyeumia, akiwa ameshaona kosa limekubaliwa. Yakitoka kwa aliyeumiza ni amri ya kunyamaza. Na kwa mtu anayeoga maji yenye zebaki leo asubuhi, hakuna kilichopita.

Tusiambiwe pia kwamba haiwezekani. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka huko Savar, Bangladesh, likaua watu 1,134. Siku moja kabla, nyufa zilionekana. Benki iliyokuwa humo iliwaondoa wafanyakazi wake, washonaji wakaamriwa kurudi kazini. Baada ya hapo serikali, waajiri, vyama vya wafanyakazi na wanunuzi wa nje walikaa pamoja, Shirika la Kazi Duniani likiwa katikati, wakaweka utaratibu wa kukokotoa fidia ya kila familia kwa viwango vya mkataba wa kimataifa, na si kwa kubahatisha. Mfuko wa dola milioni 30 ulikamilika Juni 2015. Ulichelewa kwa sababu michango ilikuwa ya hiari, na huo ulikuwa udhaifu wake mkubwa. Lakini sambamba nao kampuni zaidi ya 200 zilisaini mapatano ya usalama wa majengo yanayozifunga kisheria, vyama vya wafanyakazi vikiwa na viti kwenye uongozi wake. Huo ndio uhakika wa kutorudia: wakaguzi wanaoingia kiwandani, ripoti zinazochapishwa, na mfanyakazi mwenye haki ya kukataa kuingia kwenye jengo analoliona la hatari.

Mfano wa pili uko Bougainville, Papua New Guinea. Mgodi wa Panguna, uliokuwa chini ya Rio Tinto, ulifungwa mwaka 1989 baada ya kumwaga zaidi ya tani bilioni moja za mabaki kwenye mito ya Kawerong na Jaba. Mwaka 2020 wakazi walilalamika kwa ofisi ya serikali ya Australia inayoshughulikia mambo haya, na safari hiyo kampuni ilikubali kuja. Mwaka 2021 ikakubali kugharamia tathmini huru ya madhara, na ripoti ikatolewa Desemba 2024, wakazi wakiwa wameshiriki katika usimamizi wake. Kupima madhara bado si kusafisha mto, na watu wa kule wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo ukweli umeandikwa na pande zote zikiwa zimekaa pamoja, na hakuna tena wa kusema haukutokea. Ofisi iliyowasuluhisha ni ya aina ileile iliyotufungia jalada sisi. Tofauti ni kwamba kule kampuni ilitaka kuja. Haki ya mtu haiwezi kutegemea kampuni imeamkaje.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba haya.

Ofisi zenu za malalamiko zipewe nguvu ya kuita kampuni na kudai nyaraka. Canada ilitangaza ofisi ya msuluhishi Januari 2018 kwa matumaini makubwa, kisha ikaanza kazi bila mamlaka ya kulazimisha ushahidi, na kampuni zikajua hivyo tangu mwanzo. Kampuni ikikataa wito, ikose mikopo ya serikali, dhamana ya mauzo ya nje na msaada wa balozi zenu. Hayo yote yanatoka kwenye kodi ya wananchi wenu na yanaweza kuzuiwa kwa sheria ya kawaida.

Mahakama zenu zimsikilize mtu aliyeumizwa na kampuni tanzu bila kwanza kumzungusha miaka kumi juu ya mamlaka. Muda wa kudai usianze kuhesabika wakati kampuni bado inaficha taarifa. Mwenye nyaraka ndiye athibitishe kwamba alichukua tahadhari, kwa sababu mvuvi hawezi kujua kumbukumbu za ukaguzi wa bomba zimefungiwa kabati gani.

Hati ya kuachia haki ya kushtaki iwe batili pale aliyesaini hakuwa na wakili huru. Vilevile sharti la kumfunga mwathirika mdomo lipigwe marufuku. Ajifiche mwenyewe akitaka, ila asinunuliwe kimya chake.

Faini za dhuluma zilizofanyika ugenini ziingie kwenye mfuko wa walioumizwa, unaosimamiwa na wao wenyewe na kukaguliwa hadharani, ili yasijirudie yale ya Abidjan.

Mazungumzo ya urejeshaji yaanze na waathirika wakiwa na mawakili, wakalimani na madaktari wao, kwa gharama ya kampuni lakini kwa kuchaguliwa na wao. Wanawake waliodhalilishwa wawe na nafasi yao ya faragha, na asilazimishwe yeyote kukaa uso kwa uso na aliyemuumiza. Anayetaka mahakama aende mahakamani; anayetaka meza apewe meza; anayetaka vyote viwili asizuiwe. Makosa ya jinai yabaki kwa waendesha mashtaka.

Na huko Geneva, acheni kuchelewesha. Nchi zilizopiga kura ya kupinga mwaka 2014 zije na mapendekezo yake ya maandishi kuhusu dhima ya kampuni mama na ushirikiano wa mahakama, zipige kura kipengele kwa kipengele, wananchi wao waone.

Tunaomba jibu la maandishi kutoka kila wizara, lenye jina na cheo cha aliyeliandika, likieleza lipi kati ya haya linakubaliwa, lipi linakataliwa na kwa sababu gani. Jibu la kwamba barua imepokelewa tunalo tayari.

Wenu katika kudai haki,

Msaidizi wa kisheria,
kwa niaba yangu na ya waathirika walioniruhusu kuwasemea

Nakala:
Wenyeviti wa bodi za kampuni mama zinazohusika
Kamati za bunge za haki za binadamu na za biashara katika nchi husika
Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa
Vyama vya waathirika